Sebule Inayoelea

Nchi yenyewe ilikuwa na jina zuri tu, ila wakati wa mambo haya jina lilikuwa limepelekwa kwenye kamati kufanyiwa tathmini, na mpaka leo halijarudi. Kwa hiyo msiniulize. Itoshe kusema ni nchi ya amani, yenye wananchi wasikivu, na yenye mheshimiwa mmoja kwa kila shughuli, zikiwemo shughuli ambazo bado hazijaanza.

Katika nchi hiyo palikuwa na bwawa. Lilichimbwa ili litoe umeme, likakataa, basi ikaamuliwa kuwa tangu mwanzo lilikuwa la burudani. Waliliita Bwawa la Ushindi, ingawa hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeshindwa. Na katika bwawa zima palikuwa na chombo kimoja tu cha burudani, mali ya mjane mmoja aitwaye Kidawa Mdoka, mama mwenye mwili wa kutosha, sauti ya kutosha, na maneno ya kuzidi.

Chombo chake hakikufanana na chombo. Marehemu mumewe, fundi Mdoka, alikuwa seremala wa makochi, na maisha yake yote hakuwahi kutengeneza kitu kingine. Alipotaka kumfurahisha mkewe kwa boti, alifunga mapipa chini, akapiga mbao juu, kisha mikono ikamrudisha kule ilikozoea. Akaweka seti nzima ya makochi, lile refu la watu watatu na madogo yake, na meza fupi katikati, na kipaa cha turubai juu ya yote. Nyuma kabisa alisimika baiskeli kuukuu iliyozungusha pangaboi la mbao majini. Hapo ndipo Kidawa alipokaa akipiga pedeli, huku akiwatazama abiria wake visogoni.

Watu walikiita Sebule, na wala hawakuwa wanatania. Makochi yalivikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe na vya waridi, na ukitaka kupanda ulivua viatu. Jumapili wachumba walikuja na karanga zao, na familia zikaja na mabibi waliovalishwa vizuri, wakazungushwa bwawani wakiwa wamekunja miguu kama wako kwao. Kidawa aliwahadithia habari za mji mzima, na kila aliyepanda alimpokea kwa maneno yaleyale, awe mchumba, awe shehe: "Karibu, kaa. Ukishakaa umekaa, sitaki kusimamasimama."

Hakusema hivyo kwa ukorofi. Sebule, kama sebule nyingine yoyote, ilikuwa salama kabisa mradi watu wamekaa. Mmoja akisimama ilitikisika, na kundi likisimama ilianza kunywa maji. Hilo alilijua Kidawa, alilijua kila mtoto wa pale, na hata mbuzi waliokuja kunywa pembezoni nadhani walilijua. Lakini Kidawa aliipenda Sebule kuliko inavyofaa mtu kupenda mbao. Akiweka mkono kwenye egemeo la kochi refu aliuhisi mkono wa Mdoka ulivyolilainisha kwa msasa, na siku nyingine alizungumza nalo pia.

Sasa ikatokea kwamba Waziri wa Burudani na Tahadhari, Mheshimiwa Dakta Sosthenes Kabwoto, alikuwa amekaa muda mrefu bila kuzindua kitu. Hali hiyo ni ya hatari kwa afya ya waziri. Washauri wake wakatafuta ni nini nchini bado hakina sheria, wakagundua boti za starehe. Ujumbe mzito ukatumwa ng'ambo kujifunza usalama majini. Ulikwenda nchi ya jangwa, kwa sababu utafiti ulionyesha kwamba huko haijawahi kutokea ajali ya boti tangu dunia iumbwe. Wajumbe walirudi wamejifunza mengi, wakiwa pia na tende.

Hivyo ikapatikana Sheria ya Burudani Majini na Mambo Yanayofanana Nayo, na pamoja nayo akapatikana Mkaguzi Mkuu, Bwana Gervas Lukwembe, mtu mwembamba wa suti, aliyeogopa maji hata ya kwenye ndoo. Siku aliyofika bwawani alisimama mbali na ukingo, akainyooshea Sebule kalamu.

"Mama, hiki ni kitu gani?"

"Sebule," alijibu Kidawa. "Karibu, kaa."

"Kwenye sheria hakuna sebule. Kuna boti, kuna mtumbwi, na kuna chombo kingine."

"Basi andika chombo kingine, baba. Sisi hatuna makuu."

Lukwembe akaandika. Kisha akasoma vitu ambavyo chombo kingine kilipaswa kuwa navyo: mtungi wa kuzimia moto, kamba, tochi, ndoo ya kukumbia maji, picha ya Mkuu wa Nchi iliyotundikwa juu kumpita abiria mrefu kuliko wote, na maua ya plastiki.

"Maua ya nini tena?" Kidawa aliuliza.

"Ya meza kuu. Huwezi kuwa na usalama bila meza kuu." Lukwembe akafunua ukurasa. "Majaketi okozi, yale ya kuvaa mtu asizame, utaazimwa na serikali. Ni mali ya umma. Yatarudishwa kama yalivyotolewa, yakiwa makavu na ndani ya nailoni yake."

"Na mtu akitumbukia?"

"Alivue kwanza."

Kidawa akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Lukwembe akaendelea, na alipofika kifungu cha kwanza, ambacho kilikuwa kimechapwa mwisho, Kidawa alisikia jambo lililomfurahisha kwa mara ya kwanza. Kifungu kilisema abiria wote watakaa chini muda wote chombo kitakapokuwa majini.

"Hapo tumeelewana," alisema. "Hapo hata marehemu angepiga makofi. Na huyo Mheshimiwa mtakayemleta kuzindua, naye atakaa?"

"Mheshimiwa si abiria, mama. Mheshimiwa ni mgeni rasmi."

Kidawa hakulitilia maanani jibu hilo, kwa sababu Lukwembe alikuwa ameshafika kwenye adhabu. Chombo chochote kitakachokosa kibali kitakatwa vipande kwa msumeno, hadharani, kwa usalama wa wananchi. Na kibali kingetolewa pale tu Mheshimiwa atakapokuwa amepanda, akazungushwa na kurudi ameridhika.

Baada ya mkaguzi kuondoka, Kidawa alikaa kwenye kochi refu akishika egemeo lake. Hakuwa na mume tena, hakuwa na mtoto, alikuwa na makochi haya yanayoelea, na sasa yalikuwa yamepangiwa msumeno. Akaanza kufua vitambaa.

Siku ya uzinduzi kulifungwa mahema ufukweni, na bendi ya tarumbeta ikapiga mpaka bata wakahama. Redio ya Taifa ilikuwa inatangaza moja kwa moja, ili wananchi wa mbali nao wasikie boti ikienda. Mheshimiwa Kabwoto alipofika, mtu mpana mwenye kofia ya nahodha aliyoshonewa makusudi, ilibidi avue viatu kama wengine. Ikaonekana soksi yake moja ilikuwa na tundu. Watu wote wakatazama mawinguni kwa adabu mpaka alipokaa.

Alikaa katikati ya kochi refu. Kulia kwake akakaa mkuu wa itifaki, kushoto Lukwembe aliyefumba macho, na wakubwa wengine wakajaza makochi madogo, na waliokosa wakakaa juu ya maegemeo. Mtangazaji wa redio aliketi sakafuni na kipaza sauti chake. Kila mmoja alivaa jaketi okozi likiwa ndani ya nailoni, kwa hiyo mtu akipumua tu ilisikika kama anafungua pipi. Kidawa akapanda baiskeli yake nyuma, akasema Bismillahi, akaanza kupiga pedeli.

Mambo yalikwenda vizuri sana. Sebule iliteleza, maua ya plastiki yakatikisika kidogo mezani, Mheshimiwa akasifu vitambaa. Walifika katikati ya bwawa, mahali ambapo zamani Mdoka alishusha jiwe kwa kamba na kamba ikaisha jiwe halijafika chini. Kidawa alikuwa anaanza kuona kibali kikija kwa macho yake.

Hapo ndipo Mheshimiwa aliposimama kuhutubia.

Wote wakasimama. Katika nchi ile mkubwa akisimama unasimama, hilo mtu hufundishwa kabla ya kufundishwa kunawa, na miguu ya raia hairudi kichwani kuomba ruhusa. Walisimama wa kwenye makochi na wa kwenye maegemeo. Mtangazaji akasimama. Lukwembe akasimama bila kufumbua macho. Hata Kidawa mwenyewe, ambaye alikuwa amewakataza watu kusimama miaka yote hiyo, alijikuta ameshuka kwenye tandiko, ameweka mikono ubavuni kama mwanafunzi paredi. Alijishangaa, lakini hakurudi kukaa.

Sebule ikaguna na kuinama upande wa kulia.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa alianza, "kabla sijaanza, naomba nianze kwa kutambua uwepo."

Akautambua uwepo wa mkuu wa itifaki, akautambua wa mkaguzi, akautambua wa wakubwa wengine mmoja baada ya mwingine pamoja na vyeo vyao. Kila aliyetambuliwa alipigiwa makofi, na kila makofi yalipopigwa Sebule ilizama kidogo. Maji yakaingia kwa chini, yakalowesha soksi. Mheshimiwa akaegemea kushoto kumtambua mtangazaji, na wote, kwa heshima, wakaegemea kushoto. Sebule ikalalia huko, na wimbi dogo likapanda mpaka kwenye vitambaa vya waridi.

"Usalama majini," alisema Mheshimiwa, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, "ni jambo ambalo serikali imelivalia njuga."

Mkuu wa itifaki alimnong'oneza Lukwembe kwamba ipo njia ya kumwomba kiongozi aketi. Barua huandikwa kwa katibu, naye katibu hulipeleka jambo hilo mbele. Lukwembe alimnong'oneza kwamba katibu amebaki ufukweni. Wakatazamana, wakaendelea kusimama, na mapipa chini yao yalikuwa yanatoa mapovu. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kuogelea, isipokuwa Kidawa.

Kidawa alijua la kufanya, kama ambavyo wote walijua. Alijua pia habari za kinyozi wa Mheshimiwa, aliyewahi kumwambia "inamisha kichwa kidogo" wakati anamnyoa, na ambaye mpaka siku hiyo alikuwa bado anawasaidia polisi upelelezi. Kumkalisha kiongozi lilikuwa kosa kubwa kuliko kumwinamisha. Akisema, Sebule itakatwa kwa msumeno. Asiposema, Sebule itazama na watu wote hawa, wenye wake na watoto, wakiwa wamesimama vizuri mpaka chini. Alitazama kochi refu la Mdoka, akatazama visogo vilivyojipanga mbele yake, akawaonea huruma, akajionea huruma na yeye. Kisha sauti ikamtoka ileile ya Jumapili, bila kupunguzwa.

"Kaa chini wewe, utatuzamisha!"

Mheshimiwa akakaa. Alikaa upesi mno, magoti yakiwa pamoja na mikono juu ya mapaja, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyesikia fimbo ikigonga meza. Tangu enzi zake za darasa la kwanza hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo. Na kwa kuwa yeye amekaa, wote wakakaa kwa mkupuo mmoja, na Sebule ikayumba, ikajifikiria, ikajinyoosha. Kidawa akapanda baiskeli akapiga pedeli kuelekea nchi kavu. Njia nzima nailoni tu zilisikika, na kipaza sauti cha redio kilikuwa bado kimewashwa.

Kamati iliundwa kabla soksi hazijakauka. Ilipewa kazi ya kuchunguza Tukio la Kukaa, na ilikabiliwa na tatizo gumu. Ikiwa Mheshimiwa aliamriwa, na akatii, basi yupo mtu nchini aliye juu ya Mheshimiwa, tena mama wa makochi. Na ikiwa hakuamriwa, nchi nzima ilikuwa imesikia nini kwenye redio?

Wakati kamati ikiumiza kichwa, Kidawa alikuwa nyumbani akisubiri msumeno. Wifi yake Tausi, dada wa marehemu, alihamia kwake kumfariji. Tausi ndiye aliyefuma vile vitambaa, na alikuwa mtu wa kusema jambo kama lilivyo.

"Ungenyamaza ungekufa," alimwambia. "Umesema, hujafa. Sasa unalia nini?"

"Nalilia makochi, wifi."

"Makochi yapo yamelowa tu. Yaanike."

Wakayaanika. Walikuwa wanapindua godoro la kochi refu pale ufukweni Lukwembe alipotokea, safari hii akisogea karibu kidogo na maji, na mkononi ana bahasha. Kidawa akajilaza juu ya godoro kulikinga kwa mwili wake.

"Usiogope, mama," alisema Lukwembe. "Kamati imemaliza. Imebaini kwamba hakuna aliyesema neno lolote. Ile sauti ya kwenye redio ilikuwa mwangwi. Mheshimiwa alikaa mwenyewe, kwa hekima yake, baada ya kupima hali ya chombo, na kwa kufanya hivyo aliokoa maisha ya watu. Atavishwa Nishani ya Kukaa kwa Ujasiri, daraja la kwanza."

"Mwangwi wa nani?" Tausi aliuliza.

"Kamati haikuona haja ya kwenda huko." Lukwembe akamgeukia Kidawa. "Na wewe, mama, umepewa kibali. Hiki hapa."

Kidawa akaruka kutoka kwenye godoro, akakipokea kwa mikono miwili. Machozi yalimlengalenga. Kilikuwa kibali kizuri chenye utepe, na chini kabisa saini ya Mheshimiwa Kabwoto, kubwa na yenye mikia. Akasoma: aina ya chombo, chombo kingine. Jina, Sebule. Hali ya chombo, salama. Hali ya nahodha, bubu.

"Hapa pamekosewa," alisema.

"Hapajakosewa. Kamati ilijiuliza kwa nini nahodha hakusema neno wakati chombo kinazama. Jibu lenye heshima lilikuwa moja tu."

"Mimi bubu? Mji mzima unanijua."

"Si lazima uwe bubu nyumbani, mama," Lukwembe alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Bubu wa kikazi tu. Ukiwa ndani ya chombo. Lakini ukisema neno moja ukiwa humo, hata lile la 'karibu, kaa', kibali kinakuwa cha uongo, na ule msumeno tumeshaununua."

Tausi alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu? Huyu hata usingizini anaongea. Nimelala naye chumba kimoja, mimi najua."

Kidawa hakucheka. Alitazama makochi yaliyoanikwa, yakifuka mvuke juani, na kibali mkononi, na ndani ya kifua chake alihisi maneno yote ambayo asingeyasema tena Jumapili hata moja. Ilimuuma kweli. Kisha akamwuliza Lukwembe kama bubu wa kikazi anaruhusiwa kukohoa. Lukwembe akasema atauliza.

Basi Sebule ikarudi majini. Kidawa aliwapokea wageni kwa kuwashika mabega na kuwakandamiza kwenye makochi, na aliyenyanyuka alivutwa shati kwa nyuma. Wachumba wapya walisema ni chombo kitulivu kuliko vyote, lakini wale wa zamani waliona kimepungua. Bibi mmoja aliyezoea kuja kusikiliza habari za mji alishuka akilia. Kidawa mwenyewe alirudi nyumbani kila jioni ameshiba maneno, akammwagia Tausi yote kwa pamoja, na Tausi akaanza kufuma vitambaa vya kuziba masikio.

Nchi nayo haikulala. Siku ile ya mwangwi ilitangazwa kuwa Siku ya Taifa ya Kukaa. Shule zilifundisha Mbinu ya Kabwoto kwa vitendo. Na sherehe za kwanza zilipokaribia, ilikubalika na wote kwamba haziwezi kufanyika penginepo ila pale ilipofanyika historia, juu ya kochi lilelile, na Mheshimiwa mwenyewe akiwa na nishani yake kifuani.

Mahema yakarudi, tarumbeta zikarudi. Wakubwa wakavua viatu, safari hii kwa soksi mpya. Majaketi yakavaliwa na nailoni zake. Kidawa aliwashika mabega mmoja mmoja akawakandamiza, na alipofika kwa Mheshimiwa alisita, akamgusa kidogo tu na ncha za vidole. Mheshimiwa hakumtazama usoni. Walikuwa hawajatazamana tangu siku ile.

Ratiba ilisema hotuba itatolewa katikati ya bwawa. Lakini Mheshimiwa alikuwa na hotuba ndefu, na hotuba ndefu humwasha mtu. Walikuwa hawajasogea mbali na ufukwe, wanaona hata sinia za pilau zikipangwa hemani, alipojivuta mbele kwenye kochi.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo nitawaonyesha namna ya kukaa. Na ili mtu akae, ni sharti kwanza awe amesimama."

Akasimama. Wote wakasimama. Kidawa peke yake alibaki kwenye tandiko, amelishika kwa mikono miwili ili miguu isimsaliti.

Sebule ikaguna. Mheshimiwa akaanza kutambua uwepo, makofi yakapigwa, maji yakaingia. Alipofika uwepo wa nishani yake mwenyewe, kochi refu lilikuwa linanywa upande wa kulia. Safari hii aliona. Sauti ikampungua, lakini asingeweza kukaa, kwa kuwa ile sehemu ya kukaa ilikuwa ukurasa wa mwisho, na redio ilikuwa hewani. Akageuza kichwa polepole kutazama nyuma, kwa Kidawa. Kilikuwa kichwa cha mtu anayesubiri kuambiwa kitu.

Wakubwa wote wakageuka pia. Lukwembe aliyafumbua macho yake, akanong'ona, "Mama, sema basi."

Neno lilimjaa Kidawa mdomoni kama uji wa moto. Angeweza kulitema, wangekaa, na kesho yake angesikia msumeno ukipita kwenye mbao za Mdoka, huku kamati ikitafuta mwangwi mwingine. Akayatazama maji ya pale. Aliyajua vizuri, ndimo alimofulia godoro, yalimfika mtu mzima kifuani na chini palikuwa na mchanga mzuri. Akameza neno lake. Akavuta mkanda wa jaketi lake okozi, akaufunga. Kisha akawanyooshea mkono wa adabu, kama mwenyeji anayewaonyesha wageni mlango.

Walikwenda upande mmoja wote kwa pamoja, wakiwa bado wamesimama. Meza kuu ilitangulia, maua ya plastiki yakafuata, kisha serikali. Wakiwa njiani kuelekea majini wengi walikumbuka sheria, wakayavua majaketi na kuyainua juu ili yabaki makavu. Sebule ilipotua mzigo wake ilijinyoosha yenyewe, ikatulia, na Kidawa juu ya baiskeli yake. Alitaka kucheka kiasi cha kuumwa mbavu, lakini hakujua kama bubu wa kikazi anaruhusiwa, kwa hiyo alilia machozi tu.

Mheshimiwa aliibuka bila kofia, akakanyaga mchanga, akasimama. Nishani ilikuwa imegeukia mgongoni.

"Mama," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Mbona hukusema?"

Kidawa akashuka kwenye tandiko, akatoa kibali kwenye mkoba aliouning'iniza kwenye usukani, akainama akampa. Mheshimiwa akakisoma kuanzia utepe mpaka chini kabisa, akafika kwenye saini yake, akaitazama, akarudi juu kusoma upya. Kisha akakirudisha kwa mikono miwili, akikiangalia kisilowe.

Kidawa akakipokea, akapanda baiskeli na kupiga pedeli, Sebule ikaenda zake na makochi matupu. Alipokuwa ameshafika mbali aligeuka kutazama. Mheshimiwa alikuwa bado amesimama majini palepale, na kwa kuwa yeye alikuwa amesimama, wote walikuwa wamesimama, majaketi yakiwa juu ya vichwa, huku pilau ikipoa hemani.